Ndege wa Itombwe, kutoka bunduki hadi lenzi ndefu

Mnamo Februari 2024 picha ya ndege mmoja ilisambaa katika vyombo vya habari vya nchi nyingi. Ndege mwenyewe si mkubwa. Mwili wake ni mweusi, na kichwani ana kishungi cha manyoya ya njano kali. Alipigwa picha katika misitu ya milima ya Itombwe, Kivu Kusini, milima ileile ambayo mtu wa Baraka au Fizi akigeuza kichwa upande wa machweo anaiona imejipanga. Jina lake la kisayansi ni Prionops alberti. Mbelgiji Henri Schouteden ndiye aliyemwandika kwa mara ya kwanza, mwaka 1933, akampa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji. Tangu hapo ilipita miaka tisini kabla ya dunia kuona picha yake akiwa hai.

Waliomkuta walikuwa msafara wa wiki sita, kati ya Desemba 2023 na Januari 2024. Uliongozwa na Michael Harvey na Eli Greenbaum wa Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, wakishirikiana na watafiti wa Kongo wa kituo cha utafiti wa sayansi asilia cha Lwiro. Walipanda milima kwa miguu. Walihesabu ndege 18 wa aina hiyo katika sehemu tatu tofauti, wakipita kwa makundi yenye kelele katikati ya miti. Shirika la American Bird Conservancy lilikuwa limemweka katika orodha ya ndege waliopotea, kwa kuwa karibu miongo miwili ilikuwa imepita bila taarifa ya kumwona.

Kwa nini ilichukua miaka tisini? Milima ya Itombwe haiko mwisho wa dunia. Wawindaji, wachunga ng'ombe na wachimba dhahabu huipita kila mwaka. Jibu linapatikana katika historia mbili zilizokwenda sambamba: historia ya chombo, na historia ya vita.

Kwanza chombo. Kwa muda mrefu kumjua ndege kulikuwa ni kumuua. Mwaka 1908 mkusanyaji wa Austria aitwaye Rudolf Grauer alipita katika misitu iliyo magharibi ya mto Ruzizi, kaskazini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, akiwa na bunduki na wapagazi. Katika mizigo yake kulikuwa na ndege mdogo wa kijani mwenye koo la buluu, ambaye wataalamu wa Ulaya hawakuwa wamewahi kuona mfano wake. Walter Rothschild, tajiri wa Kiingereza aliyekuwa na makumbusho yake binafsi, alimtangaza mwaka 1909 kwa jina la Pseudocalyptomena graueri. Miaka ishirini ikapita bila mtaalamu yeyote kumpata tena. Mwaka 1929 vijana wawili wa Kimarekani, J. Sterling Rockefeller na Charles Murphy, walipanda milima hiyohiyo kumtafuta kwa ajili ya makumbusho ya New York, na wakampata. Katika mizigo ya msafara wao alikuwamo pia chozi mmoja mwenye kifua chekundu. James Chapin, bingwa wa ndege wa Kongo, alimtangaza mwaka 1932 na kumpa jina la Rockefeller.

Aliyefanya kazi kubwa kuliko wote alikuja baadaye. Alexandre Prigogine alizaliwa Moscow mwaka 1913, familia yake ikahamia Ubelgiji, na yeye akaenda Kongo kufanya kazi katika migodi ya Kamituga. Ndugu yake mdogo, Ilya, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977. Alexandre hakupata tuzo ya namna hiyo, lakini maelfu ya ndege aliowakusanya Itombwe katika miaka ya 1950 na baadaye ndio msingi wa karibu kila kitu kinachojulikana leo kuhusu ndege wa milima hii. Idadi ya spishi zilizoandikwa kwa ajili ya Itombwe na pembezoni mwake inafikia 565. Ni sehemu chache sana za misitu barani Afrika zinazoweza kutaja idadi kama hiyo.

Baadhi ya matokeo yake yanashangaza hadi leo. Mwaka 1951 alipatikana bundi mmoja mahali paitwapo Muusi, kwenye mwinuko wa mita 2,430. Schouteden akamtangaza mwaka uliofuata kwa jina la Prigogine. Mwaka 1955 alipatikana kirukanjia mmoja, jike, huko Malenge. Alikaa ndani ya makumbusho kwa miaka 35 kabla ya Michel Louette kutambua, mwaka 1990, kuwa alikuwa spishi ya peke yake. Hadi leo kirukanjia huyo anajulikana kwa ngozi hiyo moja tu iliyojazwa pamba.

Hapa inafaa kusimama kidogo na kusoma majina: Grauer, Rockefeller, Albert, Schouteden, Prigogine. Ndege hawa wa milima ya Fizi, Uvira na Mwenga wamebeba majina ya Mwaustria, Mmarekani, mfalme na wataalamu wa Ubelgiji. Watu wa mahali hapo walioongoza njia, waliojua ndege yupi analala wapi na analia saa ngapi, na mara nyingi waliofyatua risasi yenyewe, hawamo katika orodha. Angalau apalisi aliyetangazwa na Prigogine mwaka 1955 alipewa jina la mlima wake, Kabobo.

Wakati bunduki ikifanya kazi hiyo msituni, chombo kingine kilikuwa kikikua taratibu mahali pengine. Mwaka 1882 daktari wa Kifaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki kamili: mtutu, kitako cha kuweka begani na kifyatulio. Ndani yake kulikuwa na sahani ya kioo iliyozunguka na kupokea picha 12 kwa sekunde moja. Aliielekeza kwa ndege waliokuwa wakiruka kwenye pwani ya Napoli, kwa sababu alitaka kujua bawa linafanya nini hasa angani, jambo ambalo jicho la binadamu haliwezi kulifuata. Miaka miwili baadaye Mjerumani Ottomar Anschütz aliwapiga picha korongo wakiruka, picha safi zilizowashangaza watu wa wakati wake.

Tatizo la Marey lilikuwa umbali. Ndege alitoka mdogo mno katika picha. Dawa yake ilipatikana mwaka 1891, pale watu watatu, Dallmeyer wa Uingereza pamoja na Steinheil na Miethe wa Ujerumani, walipobuni kila mmoja kwa njia yake lenzi ya kuvuta vitu vya mbali bila ya kamera kuwa ndefu kupita kiasi. Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza lenzi hiyo kujaribiwa kwa wanyama pori. Carl Georg Schillings, mwindaji wa Kijerumani, alizunguka nyika za kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania akiwa na wapagazi waliobeba sahani za kioo, kamera za lenzi ndefu na baruti ya kuwashia mwanga usiku. Kitabu chake cha mwaka 1905 kilikuwa na picha ambazo wasomaji wa Ulaya hawakuwahi kuona: wanyama wakiwa katika maisha yao wenyewe, bila mtu kusimama juu ya mizoga yao.

Ng'ambo ya ziwa, chombo hiki kilikuja kupata nyumba. Mwaka 1962 mpiga picha Hugo van Lawick alifika Gombe, karibu na Kigoma, kupiga picha kazi ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe. Alikaa. Kamera yake ilikuwepo msimu baada ya msimu, na ndiyo maana iliona yasiyoonekana na mpita njia. Mwaka 1966 yeye na Goodall, wakiwa katika nyika za kaskazini mwa Tanzania, walimshuhudia tumbusi akiokota jiwe kwa mdomo na kulitupa juu ya yai la mbuni mpaka likavunjika. Picha zilithibitisha jambo ambalo wengi wangelikataa kama maneno matupu.

Upande wa Fizi hakuna aliyeweza kukaa hivyo.

Mwaka 1964 uasi wa Simba uliwaka. Tarehe 24 Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa usiku kutoka Kigoma na kutua Kibamba, katika ardhi ya Fizi, na wenzake wa Kuba. Mtu huyo, miaka kumi kabla, alikuwa akijipatia riziki kwa kupiga picha mitaani na viwanjani Mexico. Aliondoka Novemba mwaka huohuo, uasi ukiwa umeshindwa. Laurent-Désiré Kabila, mmoja wa viongozi wa uasi huo, hakukata tamaa. Kuanzia mwaka 1967 alijenga ngome yake katika milima hiyo, Hewa Bora, na akaishikilia hadi miaka ya 1980. Mwezi Mei 1975 wapiganaji wake walivuka ziwa, wakawateka watafiti wanne wa Gombe na kuwaleta upande huu. Waliachiliwa baadaye, lakini tangu hapo ni nani angemtuma mwanafunzi wake kupanda milima ya Fizi na darubini shingoni?

Kwa hiyo pale Gombe kamera ilikuwa na miaka ya kungoja, na hapa, ng'ambo ya maji yaleyale, ndege walibaki katika ngozi zilizokusanywa na Prigogine.

Mlango ulifunguka kidogo mwaka 1996. Timu iliyowaunganisha Thomas Butynski, John Hart na watafiti wa Kongo, Omari Ilambu akiwa miongoni mwao, ilirudi Itombwe kuhesabu sokwe na ndege. Mwezi Mei, katika nyavu nyembamba za kunasia ndege, akaingia bundi jike. Alikuwa yule bundi wa Prigogine, ambaye kwa miaka 45 alijulikana kwa ngozi moja tu. Walimpima, wakampiga picha, wakamwachia aende zake. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya 1951 na 1996: ndege wa kwanza aliishia kwenye droo ya makumbusho, wa pili alirudi msituni akiwa hai. Miezi michache baadaye vita vya Kongo vikaanza, na maelfu ya watu wa Fizi wakakimbilia Tanzania kwa mitumbwi. Walianza kurejeshwa kwa meli hadi bandari ya Baraka mwaka 2005.

Baada ya hapo kazi ilirudi hatua kwa hatua. Hifadhi ya Itombwe ilitangazwa mwaka 2006. Mapema mwaka 2007 msafara uliingia misitu ya Misotshi-Kabogo, kusini ya Fizi, ambako wanasayansi hawakuwa wamekanyaga tangu mwaka 1960, ukatoka na aina sita za wanyama wasiojulikana kabisa, wakiwemo popo na vyura. Mwishoni mwa mwaka 2016 sehemu za misitu hiyo zikapata ulinzi wa kisheria, Ngandja upande wa Kivu Kusini na Kabobo upande wa jimbo la Tanganyika.

Katika miaka hiyohiyo kamera nayo ilibadilika kuliko ilivyobadilika katika karne nzima iliyotangulia. Mtu wa filamu alikuwa na picha 36 kwenye mkanda mmoja, na ndege arukaye angeweza kuumaliza bila kuacha hata picha moja safi. Lenzi zinazojitafutia fokasi zilienea tangu katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1995 Canon ilitoa lenzi inayotuliza mtetemo wa mkono. Kamera za dijitali ziliondoa gharama ya filamu. Kisha, kuanzia mwaka 2020, zikaja kamera zinazotambua jicho la ndege ndani ya picha na kuling'ang'ania hata akigeuka angani. Ustadi ambao Marey aliuhitaji begani mwake sasa unafanywa na kompyuta ndogo ndani ya kamera.

Lakini kompyuta haimchagulii mtu mahali pa kusimama. Chukua ndege anayeonekana mchana wowote kwenye ghuba ya Baraka: mdiria mweusi na mweupe, yule anayesimama hewani juu ya maji akipigapiga mabawa kabla ya kujitupa kichwa mbele. Kwa anayejifunza kupiga picha ndege waliomo angani, hakuna mwalimu bora, kwa sababu anakaa mahali pamoja kwa sekunde kadhaa. Hata hivyo ana mitego yake. Lenzi ya milimita 400 inaona kipande cha anga cha nyuzi sita hivi tu, na inakuza mtetemo wa mkono sawasawa na inavyomkuza ndege. Asiyeanza kumfuata akiwa bado mbali hatampata akishafika. Bawa lake huenda kasi mno kiasi kwamba sekunde moja iliyogawanywa mara elfu mbili inaweza kuacha ncha zake zikiwa ukungu; wengi hupanda hadi elfu tatu. Na weupe wa kifua chake juani huungua upesi, ukawa doa tupu lisilo na unyoya hata mmoja, ndiyo maana mwenye uzoefu hupima mwanga kwa weupe huo na si kwa maji.

Kuna pia jiografia. Baraka iko ukingo wa magharibi. Asubuhi jua huchomoza nyuma ya rasi ya Ubwari, na kila ndege aliye juu ya maji huwa kivuli cheusi kwa mtu aliyesimama ufukweni. Mchana ukigeuka, mwanga unatoka upande wa milima na kumwangukia ndege vizuri. Lakini hapo upepo wa ziwa umeshaanza kuvuma kuelekea nchi kavu, na ndege hukabili upepo anaposimama hewani: atampa mpiga picha mgongo na mkia. Anayejua hujiweka ubavuni, kwenye ncha ya ardhi iliyoingia majini au kwenye mtumbwi uliotulia, apate mwanga na jicho la ndege kwa pamoja. Na asichelewe, kwa kuwa milima hulimeza jua mapema. Wavuvi wanayajua haya yote kuhusu upepo na mwanga bila kufundishwa na mtu. Kijana aliyekulia kwenye ndagala ana nusu ya masomo tayari.

Bei ilikuwa kizuizi, na bado ni kizuizi. Mwaka 2020 lenzi kubwa ya milimita 600 inayotumiwa na wataalamu iliuzwa karibu dola 13,000, na ilikuwa na uzito wa kilo tatu hivi. Lakini mwaka huohuo Canon ilitoa lenzi ya milimita 800 kwa bei iliyokuwa chini ya dola 1,000, yenye uzito wa kilo moja na robo. Inahitaji mwanga mwingi, hivyo ndani ya msitu wa Itombwe itapata taabu. Juu ya ziwa lenye jua, inatosha.

Kuna hatari ambayo haimo katika vitabu vya maelekezo. Mwezi Julai 2007 mpiga picha wa Reuters, Namir Noor-Eldeen, aliuawa Baghdad na helikopta ya Kimarekani. Waliokuwa ndani yake waliidhani lenzi yake ndefu kuwa silaha. Katika milima yenye makundi ya wenye bunduki na vizuizi barabarani, kitu kirefu cheusi kinachoinuliwa begani hakina budi kuelezwa kabla hakijainuliwa. Kuwaona wakuu wa kijiji, kuwa na karatasi za ruhusa, kufuatana na mwenyeji anayejulikana: hayo ni sehemu ya vifaa, sawa na betri.

Kazi iliyobaki ni kubwa, na sehemu yake iko angani kwelikweli. Mwaka 1960 Prigogine alimtangaza teleka mmoja mweusi wa misitu hii, mmoja wa wale wanaofanana na mbayuwayu na ambao huishi wakiruka karibu muda wote. Jina lake la kisayansi ni Schoutedenapus schoutedeni. Anajulikana kwa ngozi tano tu. Ana jamaa wa karibu mno, wa rangi iliyofifia kidogo, na wote wawili hukata anga kwa kasi juu ya vilele, kiasi kwamba hata mtaalamu mwenye darubini anaweza asiwatenganishe. Swali la kama kweli ni spishi mbili bado halijafungwa. Hapa bunduki haisaidii tena, na nyavu haziwafikii. Kinachotakiwa ni picha nyingi safi za tumbo, koo na mkia, zilizopigwa kutoka chini, mwezi baada ya mwezi, pamoja na tarehe na mahali.

Msafara wa wiki sita hauwezi kufanya hivyo. Anayeweza ni mtu anayeamka kila siku chini ya milima hiyo. Vyuo vya Bukavu na Uvira, walinzi wa Itombwe na Ngandja, na mashirika yanayogharimia hifadhi yanapaswa kuweka kamera na lenzi ndefu mikononi mwa vijana wa Fizi na Baraka, kuwafundisha kuandika walichokiona, na kuziweka picha hizo mahali ambapo mtoto wa shule wa Mboko au Lulimba anaweza kuzitazama. Na picha hizo zichapwe kwa majina ya waliozipiga.